Kupanga Kazi ya Karafuu kwa Kutegemeana



Mikarafuu ikianza kutoa vishada, maswali tunayoulizwa hubadilika. Kabla ya hapo watu huuliza habari za miche, za miti inayokauka, na za bei. Msimu ukikaribia, karibu kila mtu huuliza jambo moja, ingawa kila mmoja ana maneno yake: "Mimi nimekwisha jitayarisha, lakini wenzangu je?" Huyu ana majamvi mapya na wachumaji hawakutokea. Yule wachumaji amewapata, lakini wachambuzi wamekwenda arusini siku tatu. Wa tatu karafuu yake imekauka vizuri, imo ndani ya magunia, na mwenye gari hapokei simu.

Katika kazi ya karafuu hakuna mtu awezaye kusema kwamba amefanya yote kwa mkono wake. Mmoja huchuma, mwengine huchambua makonyo, mwengine huanika na kuanua, mwengine hupeleka kituoni, na kule kituoni yupo karani na mzani wake. Mwenye shamba akitaka kuwa mtu wa mpango, haitoshi apange kazi yake peke yake. Yampasa apange pale kazi inapotoka mkono huu kwenda mkono huu, kwani hapo ndipo karafuu inapoharibika.

Hali hii ya kutegemeana kwa mapatano haikuwako siku zote. Katika mashamba makubwa ya zamani hapa Unguja kulikuwa na msimamizi, chini yake nokoa, na chini ya nokoa kadamu. Kazi ilikwenda kwa amri, maana waliochuma walikuwa watumwa, na mtumwa hakuulizwa kama ana nafasi kesho. Utumwa ulipofutwa kwa sheria mwaka 1897, mwenye shamba alilazimika kujifunza kuomba, kupatana na kulipa. Na alijifunza katika wakati mgumu. Kimbunga cha mwaka 1872 kilikuwa kimeangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na mavuno makubwa yakahamia Pemba. Kwa hiyo watu wa kusini na mashariki ya kisiwa chetu, na Watumbatu, wakazoea kuvuka kwenda kuchuma Pemba msimu ufikapo, na wenye mashamba wakashindana kuwavuta. Chama cha Wakulima wa Karafuu, kile kilichojulikana kwa herufi za CGA, kilipoanzishwa mwaka 1927, suala la wachumaji na ujira wao lilikuwa miongoni mwa mambo yaliyokuwa mbele yake. Mwaka 1968 kazi za ununuzi zikashikwa na Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, yaani ZSTC, lakini suala lile la wachumaji lilibaki palepale.

Na siku hizi limekuwa la watu wengi zaidi. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi nyingi iligawanywa kwa wananchi eka tatu tatu. Mwenye eka tatu hana msimamizi wala nokoa. Ana mkewe au mumewe, watoto wanaorudi skuli saa saba, shemeji mmoja, na majirani. Hao ndio wafanyakazi wake. Hawezi kuwaamrisha, wala hawezi kuwafukuza, kwani kesho watakutana msibani.

Basi tuanze na hesabu, maana hesabu haina uso wa kuchukia.

Tuseme unao wachumaji 6, na kila mmoja kwa siku anakupatia pishi 5. Tuhesabu pishi za karafuu iliyokwisha tolewa makonyo, ili tusichanganye. Jumla ni pishi 30. Tuseme tena unao wachambuzi 3, na kila mmoja aweza kumaliza pishi 7 kabla ya kwenda kulala. Jumla yao ni pishi 21. Kila usiku zitabaki pishi 9 hazikuguswa. Usiku wa pili zitakuwa 18, na usiku wa tatu 27, nazo zimerundikwa pembeni, zimefunikwa gunia, na kila mtu anasema, "Hizo tutazifanya kesho."

Karafuu mbichi iliyorundikwa haingoji kesho. Tia mkono katikati ya rundo alfajiri utaona lina joto. Hutoa jasho, huanza kuvunda, na hata ukiianika jua kali namna gani baadaye, hukauka ikawa nyeupe-nyeupe, imekunjamana, na nyepesi mkononi. Kituoni haiwezi kuingia daraja la kwanza. Hapo mwenye shamba hulaumu jua, na jua halina kosa.

Sasa mwondoe mchumaji mmoja mtini umkalishe kuchambua. Wachumaji watakuwa 5, na pishi zitakuwa 25. Wachambuzi watakuwa 4, wenye uwezo wa pishi 28. Kila kilichochumwa kitamalizwa siku ileile. Yule mchumaji wa sita alionekana kuwa anakuletea pishi 5, lakini kwa kweli alikuwa akikuza lile rundo la kuvunda. Tunaomba wanachama walitazame jambo hili kwa makini, maana kosa la kawaida tuonalo mashambani ni kuongeza watu pale kazi inapoonekana kwa macho, yaani juu ya mti, na kupunguza pale isipoonekana, yaani barazani usiku.

Hesabu haijaisha. Karafuu huchukua siku 4 mpaka 7 kukauka kwa jua, kwa kadiri ya hali ya hewa. Tuseme siku 5. Basi zile pishi 25 za Jumamosi zitakuwa bado chini wakati za Jumapili zinakuja, na za Jumatatu, na za Jumanne, na za Jumatano. Majamvi yako lazima yachukue pishi 125 kwa wakati mmoja, zikiwa zimetandazwa nyembamba. Mtu aliye na majamvi ya pishi 80 tu asichume zaidi ya pishi 16 kwa siku, hata kama wachumaji 20 wamesimama mlangoni. Na mtu asiseme kwamba atamwaga zilizobaki kandokando ya barabara ya lami. Kule kuna mchanga, moshi wa magari, mafuta na mbuzi, na ZSTC limekwisha kataza mara nyingi. Karafuu yetu huliwa na watu, tusisahau.

Kwa hiyo mpango wa siku haufai kuanzia mtini. Uanzie nyuma: majamvi yanachukua kiasi gani, halafu wachambuzi wanaweza kiasi gani, halafu ndipo uwaambie wachumaji wachume kiasi gani. Ile sehemu iliyo nyembamba kuliko zote ndiyo iamuayo mwendo wa kazi yote. Likija wingu la vuli na anikio likajaa karafuu zisizokauka, siku ile wachumaji wapumzike au wasaidie kuchambua, na waambiwe mapema, si baada ya kwisha panda.

Hapa lipo neno gumu. Mchumaji hulipwa kwa pishi. Ukimwambia asichume, umemnyima mkate wake. Ndiyo sababu mapatano yafanywe kabla ya siku ya kwanza, mbele ya wote: siku ya mvua au siku ya majamvi kujaa, mchumaji ataingia kwenye uchambuzi kwa ujira gani. Wako wanachama wa upande wa Donge na Mahonda wanaofanya hivi, nao twaona wachumaji wao hurudi mwaka wa pili bila ya kutafutwa. Mtu hurudi pale alipojua atapata nini.

Katika mapatano hayohayo mseme pishi ipimwe lini. Je, ni kabla ya kutoa makonyo au baada yake? Kwa pishi ya nani? Ya kujaa sawasawa au ya kichwa? Ugomvi mwingi wa msimu tulioletewa kuusuluhisha haukuwa wa fedha nyingi. Ulikuwa wa kichwa cha pishi. Pishi na iwe moja, ijulikane, na kupima kuwe kwa saa moja, baada ya alasiri, watu wote wakiwapo. Andika katika daftari jina, idadi, na kilicholipwa. Mwenye kuandika asiwe yule apimaye. Si kwamba mtu hasadikiwi. Ni kwamba kumbukumbu za watu wawili waliochoka hazilingani.

Daftari lina faida nyengine. Karafuu mbichi kilo 3 hutoa kavu kilo 1 hivi. Ukiwa umeandika ulichoanika, utajua utegemee nini gunia likifungwa. Ukikuta imepungua sana kuliko theluthi, kuna jambo: ama imeungua kwa jua kupita kiasi, ama imevunda, ama imepata miguu usiku. Ukikuta imezidi, usifurahi upesi, pengine haijakauka. Ichukue moja uikunje. Iliyokauka barabara hukatika kwa mlio, na ile mbichi hupinda tu.

Sasa tuje kwa majirani. Mikarafuu haiivi siku moja. Hata mti mmoja hauivi wote pamoja. Vishada vya juu vyaweza kuwa vimekwisha geuka rangi na vya chini bado vya kijani. Siku za kuchuma ni chache: kabla yake karafuu ni changa, baada yake hufunuka maua na thamani yake imekwenda. Kwa hiyo wenye mashamba wanne au watano wanaopakana wakikubaliana kufanya kikoa cha wachumaji, jambo la kwanza la kuamua ni nani aanze. Desturi yetu humpa mkubwa wa umri. Desturi hiyo ni njema mezani na msikitini, lakini mkarafuu hauijui. Aanze mwenye shamba lililoiva. Watu wawili wa kikoa wapite mashamba yote kila baada ya siku mbili, waangalie vishada, na waseme wazi. Mzee ambaye shamba lake litafuata apewe heshima yake kwa kuarifiwa yeye kwanza, nyumbani kwake, kabla ya wengine.

Na mahali pa kikoa pasipo na mtu mmoja wa kuulizwa, hapana kikoa. Si lazima awe bwana mkubwa. Awe mtu anayejua leo wachumaji wako wapi, kesho watakuwa wapi, na nani ameazima majamvi ya nani. Twaona wanawake wengi wanaifanya kazi hii vizuri kuliko sisi wanaume, maana wao tangu zamani hushika hesabu za vikoa vya arusi na misiba bila ya kalamu.

Je, mwenzio akichelewa? Mara nyingi kuchelewa kwa mwenzio humfanya mtu atende moja ya mambo mawili: ama hunyamaza akavimba moyo mpaka msimu uishe, ama humfokea mbele ya watu. La kwanza halileti karafuu, na la pili humfukuza mtu. Ipo njia iliyo kati. Mwite kando, umwulize kilichomzuia, na umwambie kinachokungoja. "Shemeji, jana tulikaa na vikapu vitatu mpaka saa nne za usiku. Kama leo hutaweza kuja, niambie adhuhuri, nami nitapunguza wachumaji." Maneno haya hayamtukani mtu, na yanampa kazi iliyo ndogo awezayo kuitimiza, yaani kusema mapema. Mtu asiyeweza kuja si hasara kubwa. Hasara ni yule asiyeweza kuja na asiyesema.

Kwa hiyo wekeni saa ya kuambizana. Siku hizi kila mtu ana simu mfukoni, na bado habari hazifiki, kwa kuwa simu inayopigwa wakati wowote hupokewa wakati wowote. Mkikubaliana kwamba baada ya sala ya isha kila mmoja atapeleka neno moja kuhusu kesho, nakuja au siji, basi usiku huo utajua utaamka na watu wangapi. Na daima uwe na kazi ya akiba kwa siku ambayo wenzio wamekwama: kushona magunia yaliyotoboka, kupalilia chini ya mikarafuu ili zilizoanguka zionekane, kufagia anikio. Mtu akiwa na kazi hii ya akiba, kungoja hakumli siku yake nzima.

Kuna kazi moja isiyofaa kuachwa iwe ya wote, nayo ni kuangalia mvua. Kazi ikiwa ya wote, wingu likija kila mtu hudhani mwenzake ameanua. Karafuu iliyokwisha kauka nusu ikarowa, hasara yake ni ya kazi ya siku tatu za watu wote. Mtajeni mtu mmoja kwa kila siku, kwa jina, na huyo asiende sokoni Darajani wala asiteremke kisimani bila ya kumkabidhi mwengine. Alipwe kama wengine, ingawa ataonekana amekaa tu kivulini. Kukaa kwake ndiyo kazi.

Kwa wachumaji wanaolipwa kwa pishi lipo pia jambo la matawi. Mtu aliye na haraka huvuta tawi kwa ngoe mpaka likavunjika, akachumia chini kwa raha. Siku ile pishi zake ni nyingi, na msimu ujao tawi lile halipo. Ujira wa pishi peke yake humsukuma mtu huko, hata akiwa mwema. Wako wenye mashamba wanaotoa kitu kidogo juu ya ujira mwisho wa msimu kwa mchumaji ambaye miti yake imebaki mizima. Ni fedha kidogo, na sisi twaona ni fedha iliyotumika vizuri. Na kwa kuwa mti huchumwa zaidi ya mara moja, mpe mchumaji miti ileile duru ya pili. Hatavunja tawi atakalolirudia mwenyewe.

Tumesema mengi ya shambani. Lakini mlolongo wa kutegemeana hauishii mlangoni kwa mkulima. Karafuu ya kisiwa hiki kwa miaka mingi imeishia bandarini Malindi, na pale pana mikono ambayo mkulima haioni. Mwezi wa Agosti 1948 wachukuzi wa bandarini Unguja waligoma kwa sababu ujira wao haukulingana na gharama za maisha, na mwezi wa Septemba mgomo ukaenea mjini ukawa mgomo mkuu. Watu waliokuwa hawawafikirii kabisa wale wachukuzi walijua siku hizo kwamba gunia halitembei lenyewe. Tunalikumbusha jambo hili kwa sababu na sisi tunaye mtu kama huyo: ni yule mwenye gari. Humwita siku ya mwisho, hubishana naye nauli wakati magunia yamekwisha pakiwa, kisha hushangaa akiwapakia wengine kwanza. Mwenye gari aarifiwe siku anikio la kwanza linapotandazwa. Siku 5 baadaye, jua likipenda, karafuu itakuwa tayari. Majirani wawili watatu wenye magunia machache wakiungana katika safari moja, nauli hupungua na gari halirudi nusu tupu. Kila gunia liwe na alama ya mwenyewe iliyoandikwa kwa rangi, maana katika gari magunia yote hufanana.

Kituoni nako kuna karani, naye pia ni mwenzetu katika kazi. Wengi hufika saa kumi jioni siku moja, wote pamoja, kisha hulalamika kwamba foleni haiendi. Kituo kikifunguliwa asubuhi, nenda asubuhi. Karafuu iwe imepetwa, haina majani wala makonyo, ili mwenye kuikagua asiwe na la kukwambia. Mtazame mzani ukipimwa, pokea stakabadhi yako, uisome palepale kabla ya kuondoka dirishani. Kosa la tarakimu moja likisemwa palepale husahihishwa kwa kalamu. Likisemwa baada ya wiki huwa kesi.

Fedha ikishapokewa, walipwe kwanza wale waliokuwa mbali na mzani. Mchumaji kwa kawaida amekwisha lipwa kwa siku. Mchambuzi, ambaye mara nyingi ni mwanamke wa nyumba ya jirani na aliyekaa na taa mpaka usiku, huambiwa angoje karafuu iuzwe, na ikiuzwa husahauliwa. Kisha mwaka wa pili tunauliza kwa nini wachambuzi hawapatikani.

Na yale makonyo aliyoyatoa yasitupwe wala yasichanganywe na karafuu. Yaanikwe mbali katika jamvi lake, yatiwe gunia lake, yaende kituoni kwa gari ileile, kwani nayo hununuliwa kwa ajili ya kukamuliwa mafuta katika kiwanda cha Pemba. Baadhi ya nyumba humwachia mchambuzi fedha za makonyo zote ziwe zake, zaidi ya ujira wake. Wanachama wanaotaka kufuata utaratibu huu waandike hivyo katika daftari siku ya kwanza ya msimu, pamoja na jina la mchambuzi, kabla ya kishada cha kwanza kuteremshwa.